Kuziba magego yaliyooza kwa kompositi: mwongozo kamili kwa kliniki za Dodoma na Kanda ya Kati

Gego lililozibwa kwa kompositi (dawa ya kuziba yenye rangi ya jino) likirudi kliniki baada ya mwaka likiwa limeoza pembeni mwa kizibo, lawama huangukia dawa: eti ilikuwa ya bei ndogo, au ilikaribia kuisha muda. Mara nyingi sababu si hiyo. Kompositi ya kawaida, ikiwekwa kwenye jino kavu, juu ya bondi (gundi ya kuishikisha kwenye jino) iliyopakwa vizuri, na ikapigwa taa ya kugandisha ya kutosha, hudumu miaka mingi. Ile ya gharama kubwa ikiwekwa kwenye jino lililoguswa na mate itaachia tu. Ndiyo maana hapa tunakaa sana kwenye ukavu, bendi (utepe unaosimama kama ukuta wa tundu) na taa, na tunapita haraka kwenye yale ambayo kila aliyesomea meno anayamudu.

Tunazungumza na daktari na tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya au kituo cha afya, awe Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Kondoa au Manyoni: mahali penye joto na vumbi, ambapo umeme hukatika kazi ikiwa katikati, na wagonjwa wengi wana meno yenye madoa ya floraidi. Mambo hayo yote yanagusa kizibo cha kompositi kuliko yalivyogusa kile cha amalgamu, dawa ya kuziba yenye zebaki. Na amalgamu yenyewe inaondoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliitaka dunia ipunguze zebaki ya meno, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona ni lazima. Kompositi imekuwa kazi ya kila siku, hivyo ifanywe ipasavyo.

Jino lipi lizibwe

Anza na maumivu. Jino linalouma kwa baridi au sukari na kutulia ndani ya sekunde chache baada ya kichocheo kuondolewa lina kiini (nyama hai yenye mishipa ndani ya jino) kinachoweza kupona. Linalouma lenyewe usiku, au linaloendelea kuuma kwa dakika kadhaa baada ya maji ya baridi, halihitaji kuzibwa tu. Linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa. Kama huna dawa ya kupima baridi, kipande cha barafu kilichoshikwa kwa shashi kinatosha. Kilinganishe na jino zima la jirani, uanze na hilo zima ili mgonjwa ajue hisia ya kawaida ikoje. Gonga jino kwa mpini wa kioo. Piga picha ya eksirei ya kung'ata, kwa sababu tundu la katikati ya magego mawili mara nyingi halionekani kwa macho mpaka ukingo umeshabomoka.

Kompositi haifai kila mahali. Ikiwa ukingo wa chini wa tundu umezama chini ya fizi na damu haikauki, au mgonjwa ni mtoto asiyeweza kutulia kinywa wazi, au uko kwenye kliniki ya mkoba kijijini bila umeme wala msaidizi, tumia glasi ayonoma, saruji ya meno inayovumilia unyevu zaidi. Mbinu ya ART, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, ilianza kutumiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na hakuna aibu kuichagua. Glasi ayonoma iliyowekwa vizuri ni bora kuliko kompositi iliyowekwa juu ya mate.

Vifaa na joto

Sirinji nyingi za kompositi zinataka zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 25. Chumba chenye paa la bati na feni isiyofanya kazi kinavuka nyuzi 30 bila shida Oktoba na Novemba. Weka akiba kwenye friji, lakini sirinji ya siku hiyo itoe mapema asubuhi, angalau saa moja kabla ya kuitumia. Kompositi yenye ubaridi ni ngumu kuisambaza, huacha mianya, na haigandi vizuri kama iliyofikia joto la chumba. Bondi ina tatizo la namna yake: ndani mna kiyeyusho cha spiriti au asetoni kinachoruka haraka kwenye joto. Usiimimine kwenye kikombe kabla hujamaliza kuosha asidi inayopakwa jino kabla ya bondi, na ufunge kichupa mara tu tone likishatoka. Kichupa kilichoachwa wazi asubuhi nzima huwa kizito, na bondi nzito haipenyi kwenye dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, tabaka gumu la nje).

Kagua hewa ya kompresa kila asubuhi. Puliza kwenye kioo kikavu kwa sekunde kumi. Ukiona ukungu wa maji au mafuta, toa maji kwenye tangi na kagua kichujio kabla hujamgusa mgonjwa. Hewa yenye mafuta huharibu kazi yote ya bondi, wala huwezi kuiona ndani ya kinywa.

Taa ya bluu iwe ya LED yenye betri, ili umeme ukikatika umalize tabaka ulilolianza. Kama huna kipimo cha nguvu ya taa, kuna jaribio rahisi ambalo tunashauri lifanywe kila mwezi. Kata kipande cha mrija wa soda chenye urefu wa milimita 6, kisimamishe juu ya kioo, kijaze kompositi ya rangi unayoitumia sana, kisha piga taa upande mmoja tu kwa sekunde 20. Chana mrija, kwangua sehemu laini ya upande wa pili kwa spatula ya plastiki, pima kilichobaki kigumu na ugawanye kwa mbili. Kikibaki milimita 5, kina chako salama ni 2.5. Kikibaki 3, tabaka la milimita 2 haligandi hadi chini, na kila gego unaloliziba lina unga laini kwenye sakafu yake.

Ganzi

Lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini inatosha. Kwa magego ya juu choma pembeni mwa mzizi upande wa shavu. Kwa ya chini fanya ganzi ya mshipa wa fahamu wa taya ya chini. Sirinji moja ya mililita 1.8 ina miligramu 36. Kwa kipimo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 20 asizidi sirinji mbili. Chagua rangi ya kompositi wakati huu, jino likiwa bado na mate, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe zaidi na utachagua rangi isiyo yake. Pia mwambie mgonjwa ang'ate karatasi ya rangi kabla hujatoboa chochote, uone meno yanakutana wapi. Alama zile zitakuongoza mwishoni.

Ukavu

Shuka la mpira, linalotobolewa ili meno yatokeze na mate yabaki nyuma, ndilo jibu kamili. Wengi huliacha kwa madai kwamba linachukua muda, lakini aliyelizoea hulivisha ndani ya dakika chache, na dakika hizo anazirudisha kwa kutobadilisha pamba mara kwa mara. Toboa matundu kuanzia jino moja nyuma ya lile unalolitibu hadi chonge. Kibano cha kushikilia shuka cha namba 2 kinafaa magego madogo, namba 7 magego makubwa ya chini, na namba 8 ya juu. Funga uzi wa meno kwenye kibano kabla hakijaingia kinywani, ili kikichomoka kisiende kooni. Pitisha mpira katikati ya meno kwa uzi huo, kisha sukuma kingo zake ziingie kwenye mfereji wa fizi huku msaidizi akipuliza hewa. Muulize mgonjwa kwanza kama glovu au puto humwasha. Akikubali, tafuta shuka lisilo la lateksi.

Pasipo shuka, kazi bado inawezekana kwenye magego ya juu na kwenye matundu ya juu ya jino. Weka pamba shavuni mkabala na gego kubwa la pili la juu, kwa kuwa ndipo mrija mkubwa wa mate unapofungukia, nyingine chini ya ulimi, na kifyonzeo kikae muda wote. Hapa msaidizi ni wa lazima. Pamba ibadilishwe baada ya kuosha asidi na kabla ya bondi, jino likiwa limekingwa kwa kioo, ili ulimi usilifikie hata kwa sekunde moja.

Mate yakigusa jino baada ya asidi, usijifariji kwamba ni kidogo. Osha, kausha, paka asidi tena sekunde 10, osha, endelea. Yakigusa juu ya bondi iliyokwisha kugandishwa, osha, kausha na upake bondi upya.

Kuondoa uozo

Kwa tundu la katikati ya magego, sukuma kabari ya mti kabla ya kutoboa. Italinda fizi na shuka, na itaanza kutenganisha meno, jambo utakalolihitaji baadaye. Fungua enameli kwa ncha ya almasi yenye mwendo wa kasi na maji mengi. Ncha kavu huunguza kiini. Kisha hamia kwenye ncha ya duara ya mwendo wa polepole, kubwa kadiri tundu linavyoruhusu, na kijiko cha kukwangulia.

Pembeni kote, hasa pale enameli inapokutana na dentini, ondoa mpaka probu (sindano ya kuchunguzia) ikwaruze dentini ngumu. Kizibo hushikwa hapo, na hapo ndipo hufungia bakteria ndani wasipate chakula. Juu ya kiini hali ni tofauti. Kama jino liko hai, halina maumivu ya usiku, na uozo umefika karibu na kiini, acha tabaka la dentini iliyo laini kama ngozi. Kukwangua hadi iwe safi kabisa huishia kufungua kiini ambacho kingeweza kupona, na huo ndio upotevu mkubwa zaidi unaofanyika kwenye kiti cha meno.

Usichonge umbo la amalgamu. Kompositi haihitaji mkia wa njiwa wala sakafu bapa. Uozo ukiisha, kuchonga kumeisha. Enameli nyembamba isiyo na dentini nyuma yake kwenye ukingo wa chini iondolewe, kwani itavunjika na bendi.

Kiini kikifunguka katika sehemu ndogo, bonyeza pamba yenye sodiamu haipokloraiti. Damu ikikauka ndani ya dakika tano hadi kumi, funika kwa MTA (saruji ya kufunikia kiini), au kalisiamu haidroksaidi kama MTA hamna, kisha glasi ayonoma juu yake. Isipokauka, hilo ni jino la matibabu ya mzizi. Pasipofunguka, glasi ayonoma nyembamba kwenye sehemu ya kina zaidi tu inatosha; usitandaze dawa ya msingi sakafu nzima, maana unainyima bondi mahali pa kushika. Na kama jino lilikuwa na kizibo cha muda chenye yujenoli (mafuta ya karafuu), safisha dentini yote kwa ncha ya drili, kwa sababu mabaki yake huzuia resini (plastiki iliyomo kwenye bondi na kompositi) kuganda.

Bendi, kabari na pete

Kosa linaloonekana zaidi kwa mgonjwa ni nafasi kati ya magego. Nyama na mlenda vinaingia, fizi inauma, naye anarudi na kijiti mdomoni. Kompositi haisukumi bendi kama amalgamu ilivyofanya ilipokandamizwa, kwa hiyo mguso lazima uandaliwe kabla ya kujaza.

Tumia bendi fupi yenye tumbo, inayofunika upande mmoja tu wa jino. Ishuke chini ya ukingo wa tundu kidogo, na juu izidi ukingo wa jino la jirani kwa milimita moja. Ingiza kabari kutoka upande wenye nafasi pana, mara nyingi wa ulimi au kaakaa, mpaka ihisi ugumu na bendi ibane chini pasiwe na mwanya. Ipitishe probu pale: ikinasa, chagua kabari kubwa zaidi. Kisha vika pete ya kutenganisha meno, na kwa kifaa cha mviringo bonyeza bendi kutoka ndani iguse jino la jirani. Tazama kutoka juu. Ukiona mwanga kati ya bendi na jino la jirani, mguso haupo, na hautakuja wenyewe.

Bendi ya mzunguko wenye skrubu inatumika tundu likiwa pande zote mbili, lakini hutoa mguso hafifu. Ilegeze robo mzunguko baada ya kuweka kabari, kisha ibonyeze iguse jirani.

Fizi ikivuja damu, bonyeza kwa kabari na pamba yenye alumini kloraidi kwa dakika mbili, kisha osha kwa maji mengi.

Asidi, na meno yenye madoa

Mtafiti wa meno Michael Buonocore alionyesha mwaka 1955 kwamba enameli iliyopakwa asidi ya fosfori hushika resini vizuri zaidi; uso wake hupata vishimo vidogo ambamo resini hujikita. Tangu hapo kanuni haijabadilika, ila nguvu ya asidi sasa ni asilimia 35 hadi 37. Kwa magego tunapendelea kupaka asidi kwenye enameli peke yake kwa sekunde 30 na kuiachia dentini bondi ya kisasa inayojichimbia yenyewe. Kama bondi yako ni ya aina ya zamani inayotaka asidi kote, anza na enameli, na dentini iguswe katika sekunde 15 za mwisho tu. Osha sekunde 15. Enameli ikauke, dentini ibaki na mng'ao wa unyevu, isiwe na dimbwi wala isiwe nyeupe kama chaki. Ikikaushwa sana, nyuzi zake hulala na bondi haipenyi.

Sasa madoa. Baadhi ya maeneo ya Singida, Manyara na Dodoma yana maji ya visima yenye floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe, na magadi yanayotiwa kwenye mboga huongeza. Enameli ya namna hiyo ina tabaka la nje lililoshiba floraidi, na asidi huichimba polepole. Kizibo huonekana kimeshika, kisha kingo zake hubanduka na kuacha mstari wa kahawia. Parua kingo za enameli kwa ncha laini ya almasi kwanza, kisha acha asidi ikae hadi sekunde 60. Usitegemee weupe ambao asidi huuacha kwenye enameli, maana enameli hii ilikuwa nyeupe kama chaki tangu mwanzo, fuata saa. Vilevile usichukulie kila kishimo cha kahawia kuwa uozo. Kilicho kigumu na kinachong'aa hakihitaji drili. Kilicho laini, au chenye kivuli kwenye eksirei, ndicho cha kushughulikiwa.

Bondi isuguliwe kwa brashi kwa sekunde 20, si kupakwa na kuachwa. Puliza hewa taratibu kwa sekunde 5 au zaidi mpaka isitikisike tena, kisha ipige taa kwa muda uliosomwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Bondi iliyojikusanya pembeni huonekana nyeusi kwenye eksirei na mwenzako atadhani ni uozo.

Kujaza

Geuza taa ya kiti pembeni, la sivyo kompositi itaanza kuganda mkononi. Tandaza kompositi ya majimaji unene wa nusu milimita kwenye sakafu ya boksi (sehemu ya tundu iliyo kando ya jino la jirani) na piga taa. Kisha jenga ukuta wa upande wa bendi, kuanzia chini hadi kimo cha ukingo wa jino la jirani, kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Ukuta ukisimama, tundu la pembeni limekuwa tundu la juu la kawaida, na unaweza kuondoa pete na bendi ili uone vizuri.

Kilichobaki jaza kwa mshazari. Kompositi hunywea inapoganda. Ikigusa kuta zinazotazamana kwa wakati mmoja huzivuta, na ndipo hutokea ule mstari mweupe kando ya kizibo, ufa wa enameli, au jino linalouma likitafuniwa. Kila tabaka liguse ukuta mmoja au miwili tu. Malizia kwa kujenga kilele kimoja kimoja, ukifuata mteremko uliobaki kwenye jino, mifereji ijitokeze yenyewe. Kifaa kikinata, kipanguse kwa shashi. Spiriti juu yake hudhoofisha kompositi. Ile ya kujaza kwa wingi huruhusu milimita 4 kwa mara moja, nayo husaidia pale mgonjwa asipoweza kukaa muda mrefu, lakini ijaribu kwanza kwa mrija mrefu zaidi, kwani ule wa milimita 6 hauwezi kuonyesha kina cha 4.

Taa ya miliwati 1,000 kwa sentimita ya mraba ipigwe sekunde 20 kwa kila tabaka. Boksi la gego liko mbali na ncha ya taa, na nguvu hupungua sana kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo tabaka la kwanza lipewe sekunde 40. Ncha isimame wima, isishikwe kwa mlazo, wala isitikisike. Vaa miwani ya rangi ya chungwa ili uweze kuiangalia badala ya kugeuza uso. Bendi ikitoka, piga tena sekunde 20 upande wa shavu na 20 upande wa ulimi.

Kuumana na kung'arisha

Ondoa shuka, kausha meno, mwambie mgonjwa ang'ate karatasi ya rangi, kisha asage kushoto na kulia. Linganisha na alama za mwanzo. Punguza penye doa zito kwa ncha laini ya almasi au yenye makali 12. Kumbuka yuko kwenye ganzi na hatakuambia ukweli, kwa hiyo amini karatasi. Uzi wa meno upite kwa kukwaruza kidogo na kutoka bila kuchanika. Ng'arisha kwa ncha za silikoni na maji.

Kizibo cha kompositi kimeshaganda anapoinuka. "Mama, utakula ganzi ikiisha, usije ukajing'ata mdomo" inatosha, na kwa mtoto mwambie mzazi amchunge kwa saa mbili au tatu. Ubuyu wa rangi na chai nzito hupaka kizibo rangi baada ya muda. Mbegu za ubuyu zisivunjwe kwa gego hilo.

Yanayorudi kliniki

Baridi ikichoma kidogo kwa wiki mbili za kwanza na kupungua, subiri. Ikiuma anapotafuna tu, kagua karatasi ya rangi kwanza. Kizibo kirefu ndicho sababu ya kawaida na hurekebishwa kwa dakika mbili. Kikiwa sawa na bado kuna maumivu anapoachia kung'ata, tafuta ufa, au bondi iliyoachia sakafuni. Hapo kizibo kitolewe. Maumivu ya usiku ni kiini.

Nafasi kati ya meno hairekebishwi kwa kubandika kompositi juu. Toboa boksi upya na uanze na kabari na pete. Kingo zilizobadilika rangi bila ulaini zing'arishwe tu. Na kizibo kilichovunjika kona moja hakihitaji kutolewa chote: parua kompositi ya zamani kwa almasi kwa kina cha nusu milimita, paka asidi sekunde 30 kuisafisha, osha, kausha, sugua bondi ya kisasa, piga taa, kisha jaza pengo. Enameli nzima inayookolewa kwa kutengeneza badala ya kubomoa haiwezi kurudishwa na kizibo chochote.